Samaki wa Mama, Vyura wa Yvette

Mwaka ule wa 2011, asubuhi za Nyamityobora zilinukia moshi wa makaa na chai ya tangawizi. Nyamityobora ni mtaa wa mji wa Mbarara, Uganda. Kila asubuhi Pélagie alifagia mbele ya mlango wake. Kisha alipanga ndagala zake, wale dagaa wakavu, juu ya meza ndogo ya kuuzia. Mumewe, Grégoire, alikuwa seremala. Aliondoka mapema na msumeno wake. Binti yao Yvette, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alivaa sare na kwenda shule.

Familia hii ilikuwa imehamia mjini kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka uliotangulia. Kabla ya kambi, Pélagie na Grégoire waliishi Kongo, upande wa Kivu Kusini. Vita viliwafukuza. Pélagie alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. Alipokuwa msichana alifua nguo juu ya mawe ya ufukweni. Samaki wadogo wenye mistari walikuja kumdonoa vidole vya miguu, naye alicheka. Lakini mambo hayo hakuyasema. Yvette alipouliza habari za huko, mama alijibu kwamba ni mbali, halafu akaendelea na kazi yake.

Siku moja Grégoire alirudi kutoka Biharwe, nje kidogo ya mji, akiwa amepanda gari la mizigo. Huko Biharwe alikuwa ametengeneza viti vya hoteli. Mwenye hoteli alikuwa anabadilisha ukumbi wake, akampa tangi la kioo lililokuwa na samaki. Alimpa pia pampu ndogo ya kutia hewa na kifaa cha kupasha maji joto. Alisema samaki hao aliwanunua Kampala, kwa mtu anayewaleta kutoka Bujumbura.

Pélagie alipiga magoti mbele ya kioo. Samaki walikuwa wembamba, wa manjano wenye mistari myeusi. Waliingia na kutoka katikati ya mawe. Alimfuata mmoja kwa kidole juu ya kioo.

"Hawa ni ba kwetu," alisema mwishowe. "Balikuwa banaishi mu mawe, fasi tulikuwa tunafulia."

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Jioni, wakati sufuria ya maharage ikichemka, Pélagie alikaa karibu na tangi na kuzungumza. Alisimulia jinsi ziwa lilivyokuwa la bluu asubuhi na la kijani mchana. Alisimulia juu ya baba yake aliyetengeneza nyavu, na juu ya dada zake waliokuwa wakiogelea na nguo zao. Yvette alisikiliza bila kuondoka. Hakuwahi kumsikia mama akisema maneno mengi hivyo.

Baada ya miezi michache, samaki wawili walianza kulinda jiwe moja. Pélagie alichungulia. Chini ya jiwe aliona watoto wa samaki, wembamba kama uzi. Aliwaita majirani waje kuona.

Yvette naye alikuwa na yake moyoni. Yeye alizaliwa Nakivale. Huko watu walichimba udongo wa kufyatulia matofali, na mvua ikinyesha mashimo yale yalijaa maji. Yvette na rafiki yake Uwamariya walishinda hapo wakikamata vyura wa majini. Ni vyura bapa, macho yao yako juu ya kichwa, na miguu ya nyuma ina kucha ndogo nyeusi. Wanaishi ndani ya maji siku zote. Pélagie hakuipenda Nakivale. Kwake yeye, Nakivale ilikuwa foleni ya unga na miaka ya kungoja. Kwa hiyo Yvette hakumwambia mama kwamba anaikumbuka.

Likizo ilipofika, Yvette alikwenda Nakivale kumtembelea baba yake mdogo, Ushindi, ambaye bado analima maharage huko. Alirudi na vyura wawili ndani ya jerikeni iliyokatwa juu. Akawatia katika tangi la mama. Pélagie hakukataa. Alifikiri kwamba wote ni wa majini, basi watazoeana.

Siku za kwanza ilipendeza. Vyura walipanda juu kuvuta hewa, kisha wakashuka tena na miguu imetanuliwa. Lakini watoto wa samaki walianza kupungua. Maji yalipata ukungu na harufu mbaya. Chura mmoja alipata kidonda mguuni, na juu ya kidonda paliota kitu cheupe kama pamba.

Asubuhi moja Pélagie alikuta watoto wa samaki wote wameisha. Chura mmoja alikuwa bado na yule wa mwisho mdomoni. Mkia tu ndio ulibaki nje, na chura alikuwa akiusukuma ndani kwa mikono yake midogo.

Pélagie alichukua ndoo. Alisema anakwenda kuwamwaga vyura mtaroni.

"Mama, samaki yako pia inamukula chura," Yvette alisema. "Angalia mguu yake."

"Chura zako zilimaliza batoto ba samaki. Sizitaki mu nyumba yangu."

"Na mimi sina kitu ingine ya kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Nakivale."

Pélagie alisimama na ndoo mkononi.

Wakati huo Yudita aliingia kununua ndagala. Yudita alikuwa jirani yao, Mnyankore, mwenyeji wa Mbarara, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wafugaji wa samaki. Aliwasalimu, akawaona wote wawili wana machozi, akaomba kuangalia tangi. Aliinama, akatazama mguu wa chura, akanusa maji.

"Mama Yvette, usimwage hawa kwa mtaro," alisema. "Wanaweza kufa, ama kupeleka ugonjwa kwa vyura wengine. Na hapa hakuna mwenye makosa. Kila mtu amefanya vile ameumbwa. Makosa ni kuwaweka pamoja."

Kisha aliwaeleza polepole. Chura wa aina hii hana ulimi. Anatafuta chakula kwa kunusa na kupapasa, hasa usiku samaki wakiwa wamelala, na kila kinachoingia mdomoni anameza. Samaki wa mistari nao ni wa ukoo mmoja na ngege, wale waitwao pia sato. Ni wakali wakiwa na watoto. Wanalinda jiwe lao na kuuma kila anayekaribia. Chura hana magamba, kwa hiyo ngozi yake inachanika upesi na kidonda kinaoza.

Pélagie aliuliza kama kununua tangi kubwa zaidi kungesaidia. Yudita alisema hapana, kwa sababu hata maji yao ni tofauti. Samaki wa Tanganyika wanataka maji ya vuguvugu, magumu, yenye mawe na hewa nyingi. Chura anataka maji ya baridi kidogo yaliyotulia. Tena anachafua maji sana.

"Kila mmoja apewe maji yake," alisema Yudita. "Hapo wote watapona."

Walianza siku hiyohiyo. Grégoire alileta beseni kubwa la plastiki, akalitengenezea kifuniko cha wavu, maana vyura huruka. Yvette aliacha maji ya bomba yakae wazi hadi kesho yake ili dawa ya kuua vijidudu iliyomo ipungue, kama Yudita alivyomwonyesha. Chura mwenye kidonda aliwekwa peke yake katika maji safi yaliyobadilishwa kila siku. Yvette aliwalisha minyoo ya shambani. Pélagie aliosha mawe ya tangi bila sabuni, na akawa anabadilisha sehemu ya maji kila wiki, si yote kwa mara moja. Wote walijifunza kunawa mikono kila waliposhika maji hayo.

Kidonda kilifunga. Maji ya tangi yakawa maangavu. Kabla mvua hazijarudi, samaki walikuwa wanalinda jiwe tena, na safari hii watoto wao walikua.

Jioni moja Pélagie alivuta kigoda chake, akakaa si mbele ya tangi bali kando ya beseni. Aliwatazama vyura kwa muda. Halafu alimwuliza binti yake ni nani aliyemfundisha kuwakamata. Yvette akamsimulia juu ya mashimo ya matofali, juu ya Uwamariya, juu ya matope ya joto baada ya mvua. Alizungumza mpaka chakula kikapoa.

Mwezi wa kumi na mbili walikwenda Nakivale pamoja kumsalimu Ushindi. Mvua ilikuwa imenyesha. Yvette alimpeleka mama kwenye mashimo, akamwonyesha mahali pa kusimama. Pélagie alikunja kitenge chake, akavua viatu, akaingia majini hadi magotini.

"Nionyeshe," alisema.