Ufa Chini ya Utepe

Kifuniko cha birika kilicheza gizani, tiki, tiki, tiki, kabla ya adhana ya alfajiri. Wahida alijua baba yake amerudi na lori la saruji kutoka Jeddah. Aliamka, akakaa karibu naye jikoni. Alitaka hadithi ya Mzee Anselmi, mhandisi wa bandarini, ambaye ujanani aliruka kwa mwanzi mrefu kwenye Olimpiki za zamani.

"Alishinda, Baba?"

"Hakushinda. Mwenzake alimwazima mwanzi wake. Anselmi aliporuka akausikia ukilia. Angeweza kunyamaza. Akasema, usiutumie, nimeutia ufa. Wote wawili wakamaliza kwa mwanzi mbovu wa akiba, medali wakaikosa. Lakini mpaka leo wanaandikiana."

Wahida alikiweka chini kikombe chake cha chai. Jana jioni, Mama akiwa darasani, aling'oa mwanzi unaoshikilia turubai juu ya paa, akaruka nao rundo la magodoro. Kwa kitambo kidogo alielea. Mtaa wote wa Suwaidi ulikuwa chini yake, matangi ya maji na winchi za majengo mapya, zimetulia kama kwenye ndoto. Kisha, krak. Aliufunga ufa kwa utepe, akaurudisha mahali pake.

Swala ilipokwisha, ndara za Bibi zilisikika ngazini. Kila baada ya swala hukaa chini ya turubai lile. Wahida akakimbia.

"Bibi, usikae hapo."

"Na magoti yangu haya, nimepanda bure?"

"Mwanzi umepasuka. Nimeuvunja mimi, nikaufunga utepe."

Baba, aliyemfuata, aliubonyeza kidogo tu. Ukakatika, turubai zima likaanguka juu ya mkeka wa Bibi.

Bibi akautazama mkeka wake, akauliza, "Uliruka ukafika wapi?"

"Nililiona tangi la maji la jirani, la kina Ghalib."

"Mtoto huyu ana wazimu," Bibi akasema, akicheka.

Baba hakucheka. Alasiri alimpeleka Wahida soko la Dira wakachague mwanzi mpya, naye ndiye aliyeubonyeza kila pingili, akaubeba mpaka juu, akausimamisha.

"Kuvunja kunasameheka, mwanangu," Baba alimwambia. "Lakini ukiuficha ufa, mwenzio anaegemea asichokijua."

Bibi alisimama na mto wake kwapani. "Haya, mrukaji, nikae?"

"Kaa Bibi, huu nimeukagua mwenyewe."