Sauti Aliyoiongeza Floribert

Siku sauti ya nje ya mlango katika filamu iliposema yenyewe, Floribert alikuwa anakunywa maji. Chupa ilikuwa mdomoni, mikro imelala mezani, na sauti ikatoka katika spika ileile ya siku zote: "Yaya, ni miye. Fungula. Niko na baridi." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu walidhani amebuni ujanja mpya, naye akafuta mdomo akacheka pamoja nao, kwa sababu Floribert hakuwahi kukataa sifa, hata ikiwa si yake.

Niseme mapema kwamba mtu huyu sikumpenda, na hapa mtaani Nyakasanza sikuwa peke yangu. Lakini kazi aliijua. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alikuwa na ukumbi wa mbao na mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi ili saa tisa mchana ndani kuwe giza, jenereta ikinguruma nje. Alikaa pembeni ya skrini na mikro yake, akawa anaweka Kiswahili chetu cha Bunia katika midomo ya Wazungu. Kila mtu wa filamu alipewa jina la mtaani. Na mtafsiri hana ruhusa ya kunyamaza. Akinyamaza kidogo tu, watu wanapiga miluzi, wanauliza kama amelala. Floribert aliichukia miluzi kuliko malaria.

Kilichompa jina ni série moja, filamu ya vipande vipande, ya watu sita wanaosafiri katika chombo cha anga, mbali na jua. Sehemu ya kumi na moja, ambayo sisi tuliiita Onze tu, kumi na moja ya Kifaransa, ndiyo watu walitaka irudiwe kila wiki. Mmoja wa wale sita anatoka nje kutengeneza kitu, kamba inakatika, anapotelea gizani. Wanamlilia. Siku mbili baadaye mlango wa nje unagongwa mara tatu. Kapiteni, mwanamke ambaye Floribert alimpa jina la Micheline, anasimama na kidole karibu na kitufe. Akifungua, labda ni mwenzao. Labda ni kitu kingine kabisa. Anasimama hivyo mpaka mwisho, hafungui, mlango unaendelea kugongwa, na picha inazimika. Watu walitoka nje wakigombana: angefungua, asingefungua. Nimewahi kuona mashemeji wawili wakinuniana kwa ajili ya Onze.

Sasa, katika filamu yenyewe, huyo wa nje hasemi neno. Anagonga tu. Dakika nyingi hakuna maneno yoyote, na dakika za namna hiyo ndizo zinazoleta miluzi. Kwa hiyo Floribert akamwongezea sauti, inayomwita kapiteni yaya, kama mdogo anavyomwita ndugu yake mkubwa. Alisema ilimjia mdomoni tu. Uongo. Maneno yale alikuwa ameyasikia kwa masikio yake.

Alikuwa na mdogo wake, Emery, aliyefia shimoni upande wa Kilo walikokuwa wanachimba dhahabu. Floribert ndiye aliyekuwa mkuu wa lile shimo. Aliporudi alimwambia mama yao, Mama Geneviève, kwamba udongo uliporomoka na kijana akafa palepale bila maumivu. Mama, ambaye alikuwa ameshakimbia vita kule Djugu na kumzika mumewe njiani, akashika maneno hayo akaishi nayo. Alilala katika chumba cha nyuma, kilichoungana na ukumbi, ubao tu katikati, na mlango wake wa uani.

Wiki moja baada ya siku ile ya chupa ya maji, walirudia Onze. Floribert alikuwa na mikro mkononi safari hii, tayari, lakini sauti ikamtangulia. "Yaya." Na baada ya hapo mlango wa nyuma wa ukumbi, ule wa bati, ukagongwa mara tatu, si katika filamu, pale nyuma yetu, na harufu ikaingia, harufu ya udongo uliolowa siku nyingi na maji yaliyokufa, hadi mwanamke aliyekaa karibu na mlango akafunika pua kwa kitenge. Mtu mmoja akaenda kufungua kwa hasira. Nje kulikuwa na jua kali na mbuzi wa jirani. Kizingitini kulikuwa na tope la manjano, bichi, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Krismasi.

Jioni, wakila ugali na sombe ya majani ya muhogo, Mama Geneviève aliweka tonge chini.

"Flori, ile sauti ya mu sinema, unaitoaka wapi?"

Akamjibu kwamba ni yeye tu anamwigiza mdogo wake, kwa kumkumbuka.

"Apana," mama akasema polepole. "Weye uko unasema kwa koo. Emery alivunjikaka pua akiwa mutoto, alikuwa anasemea mu pua. Ya leo ilikuwa ya mu pua. Ni miye nilizaa ile sauti."

Floribert aliinuka akaenda kuangalia jenereta, ambayo ilikuwa imezimwa.

Kesho yake Denise, mke wake, alimvuta kwa mkono mpaka kwa Muzee Ramazani, yule anayeshona viti vya pikipiki karibu na msikiti. Muzee alichimba Kilo miaka ishirini, na watu wa mashimo wakipatwa na mambo huenda kwake, Wakristo na Waislamu. Alimsikiliza huku anashona. Kisha akauliza swali moja: kijana alikufa namna gani? Floribert akasema lile la palepale. Muzee akakata uzi, akamwambia arudi siku atakapokuwa na haja ya kupona. Hapo ndipo Floribert akasema ukweli, na Denise akasikia kwa mara ya kwanza, na ni Denise aliyenisimulia mimi.

Emery hakufa palepale. Siku mbili aligonga mawe kule chini, mara tatu, anapumzika, mara tatu. Walipolaza sikio chini walimsikia anaita yaya, anasema ana baridi. Wachimbaji wenzake walishika majembe wachimbe. Floribert akawakataza, kwa sababu kuta zilikuwa zinapasuka na aliogopa kushuka, na kama wengine wangeshuka bila yeye, aibu ingekuwa yake maisha yote. Aliwaambia: "Tungoje. Itanyamaza." Siku ya tatu ikanyamaza kweli.

Muzee Ramazani hakumtukana. Alisema kila shimo lina mwenyewe, jini, na jini hilo halina sauti yake, linavaa ile linayopewa. "Ndugu yako alipumzika," alisema. "Weye ndiye ulikamata sauti yake, ukaitia mu mikro kila wiki. Ile kitu ilisikia, ikakuja kuivaa." Dawa ilikuwa mambo mawili. Kwanza, Onze ionyeshwe mara moja tena, mchana, na ikifika mlangoni Floribert anyamaze, nafasi ya kimya aiache kimya kama ilivyokuwa. Hakuna wa kujibu, hakuna wa kufungua. Pili, kabla ya hapo amwambie mama yake ukweli wote, kwa sababu kitu kile kitamtafuta yule asiyejua. La kwanza Floribert alilikubali. La pili alilikubali kwa mdomo.

Jumamosi tulikuwa watu kumi na wawili ukumbini. Muzee alikaa mbele na tasbihi, Denise kando yake. Milango ilifungwa. Kapiteni Micheline akasimama mbele ya kitufe, kamba ikiwa imeshakatika, wenzake wameshalia, na mlango ukagongwa mara tatu, na Floribert akaweka mikro chini akafunga mdomo kwa mikono yote miwili.

"Yaya, ni miye," spika ikasema. "Fungula. Niko na baridi." Kisha sauti ikahama, ikatoka kwenye spika ikaingia kwenye bati la mlango wa nyuma, na bati likaanza kutetemeka, na ile harufu ikajaa mpaka macho yakatoka machozi, na sauti ikaacha kuomba ikaanza kutukana, ikamwita mwoga, ikamwita muuaji, ikataja majina ya wale waliokuwa wameshika majembe, ikasema itawatoa macho watoto wake mmoja mmoja, ikakwaruza ukuta upande hadi upande kwa kucha au kwa kitu kilichokuwa kama kucha, lakini Floribert hakuondoa mikono mdomoni, na mimi ambaye sikumpenda nilijikuta namwombea Mungu amshike mdomo dakika moja tu zaidi, kwa sababu Muzee alikuwa ameinua mkono kutuonyesha kwamba linachoka.

Likanyamaza. Tukasikia nyayo zinatembea kwenye tope, nje, kufuata ukuta, taratibu, kuelekea chumba cha nyuma.

"Ulimwambia?" Denise akanong'ona.

Floribert alikuwa amemwambia mama yake asifungue leo kwa sababu kuna wezi mtaani. Hayo tu.

Ubao ule mwembamba ukatuletea yote. Hodi tatu. Sauti ya puani, ndogo, ya mtoto kabisa: "Mama, ni miye. Yaya alikataa kunifungulia." Kitanda kikalia. Floribert akaruka, akapiga ukuta kwa ngumi akipaza sauti kwamba usifungule, Mama, haiko yeye, lakini sababu ya kutofungua hakuitaja hata hapo, na mama gani atamwacha mwanawe nje bila sababu. Tukasikia komeo linavutwa.

"Ingia, mutoto yangu," akasema.

Jenereta ikazimika.

Tulimkuta ameketi kitandani, mlango wazi, jua limemwangukia, miguu yake ina tope la manjano mpaka magotini. Alitutazama mmoja mmoja. Tangu saa hiyo kila alichosema alikisemea puani. Alitema udongo katika sufuria ya Denise. Jumapili alimshika jirani shingo, mama huyu asiyeweza kubeba ndoo, na wanaume watatu ndio waliomtoa. Muzee Ramazani alisema imebaki dawa moja: Floribert asimame uani, mbele ya watu, atamke lile neno alilowaambia wachimbaji pale juu ya shimo, lote, mbele ya mama yake. Kitu kile kinaishi katika kilichofichwa. Floribert alisema atafikiri. Halafu akaenda dukani akanunua kufuli, akamfungia mama yake ndani.

Jumatatu saa tisa mchana mlango wa chumba ukagongwa kutoka ndani, mara tatu. Usiku mzima hivyo. Jumanne tulijaa uani, mtaa mzima, na mlango ukigongwa tulikuwa tunarudi nyuma hatua moja sote. Wala mimi sikusogea mbele, nisijisifu. Ndipo sauti ikabadilika. Haikuwa ya puani tena. Ilikuwa ya Mama Geneviève mwenyewe, imekauka kwa kiu, na ikamwita kwa jina ambalo yeye peke yake alimwita.

"Flori. Ni mama. Fungula. Niko na baridi."

Denise akanyoosha mkono kudai ufunguo. Alimuuliza mumewe, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, kama huyo ni lile jini au ni mama yake, na kama hajui, basi aseme lile neno sasa hivi, watu wako hapa, aseme tu.

Floribert alisogea akaweka sikio kwenye ubao. Tope la manjano lilikuwa linapita chini ya mlango, linamfikia viatuni. Alisikiliza muda mrefu, hodi tatu, kimya, hodi tatu, na ufunguo ameukamata ndani ya ngumi. Kisha akalisema lile neno, lakini hakulisema kwa kuungama.

"Tungoje," akatuambia. "Itanyamaza."