Mkono Ulioachiwa Mtaa wa Sparano

Hii hamtaiamini, lakini naapa imetokea: hapa hapa Bari kuna dada kapongezwa uchumba na mtaa mzima kabla hajaombwa. Mpaka sasa nina hasira kwa niaba yake.

Anaitwa Ornella, anauza viatu. Asubuhi moja kaingia mkahawani, watu wamejaa kaunta, kila mmoja anaitisha kahawa yake kwa sauti. Pembeni kasimama kaka mrefu, koti la kijivu limenyooka pasi, anangoja zamu. Dakika kumi hajahudumiwa. Ornella uvumilivu ukamshinda.

"Kaka, hapa ukingoja zamu utainywa Krismasi."

"Kwetu Udine tunapanga foleni."

"Basi kwenu hamna kiu."

Akamwitishia yeye. Kaka jina lake Ivo, fundi wa treni kutoka kaskazini kabisa mwa Italia, kazi imemleta huku kusini. Wiki haikuisha, simu zao hazipoi. Ivo analalamika: kwa nini muuza mboga anamuuliza leo anapika nini, kwa nini watu asiowajua wanambusu mashavu yote mawili, kwa nini jirani wa juu anajua ana mafua. Ornella anacheka mpaka machozi, anamwita barafu yangu.

Sasa, Jumapili jioni Bari nzima iko mtaa wa Sparano, inatembea kwenda na kurudi, haiendi popote. Mwanamke akipita hapo kashika mkono wa mwanamume, hilo ni tangazo. Ornella kavaa gauni jekundu, kanukia, kamshika Ivo mkono, kiwiko kwa kiwiko. Mbele yao akatokea shangazi yake Ornella, Assunta, dhahabu shingoni, pete kila kidole. Ivo akauachia mkono wa Ornella haraka, akasimama wima kama askari.

Shangazi akawabusu, akapita. Aiskrimu hawajaimaliza, mama Ornella anapiga simu: mwanangu, amekuacha?

"Umenionea aibu mbele ya ndugu zangu," Ornella akamwambia.

"Nilimheshimu. Kwetu mbele ya mtu mzima huning'inii kwa binti wa kwao."

"Hapa ukiachia, umeacha."

"Yaani nyinyi mnampima mtu kwa kiwiko?"

Ornella akamwacha kasimama na aiskrimu inamtiririkia mkononi. Wiki nzima Ivo akapiga simu, hazikupokelewa.

Jumapili iliyofuata Ornella katoka peke yake, kichwa juu, wamuone hajafa. Mfamasia akambusu, akampa hongera. Muuza magazeti, hongera. Mama mmoja asiyemjua akauliza watafunga ndoa kanisa gani. Akadhani watu wamechanganyikiwa. Ndipo akamwona Ivo anakuja polepole, shangazi Assunta kamning'inia mkononi, anatabasamu kulia na kushoto. Kumbe Ivo alikwenda kwake kuomba radhi, akala sahani tatu za pasta, akamwambia anataka kumuoa Ornella. Na kumwambia shangazi Assunta ni kuiambia Bari.

"Ornella, mpenzi, nataka..."

"Najua unachotaka. Mfamasia kaniambia."

Watu wakasimama kutazama. Shangazi akamsogelea.

"Mwanangu, jibu basi, watu wamesimama."

"Mmeulizwa wote isipokuwa mimi, shangazi." Masikio yamemwiva kwa hasira. Akamgeukia Ivo. "Jibu langu haliko mtaani. Ukilitaka, nifuate."

Akageuka kuelekea baharini, viatu vinagonga mawe. Ivo akataka kwenda, shangazi akakaza vidole.

"Ukiniacha hapa katikati ya watu, kwangu usikanyage tena."

Ivo akaziangalia zile pete, akaliangalia gauni linalotokomea. Akavibandua vidole vya shangazi kimoja kimoja, kwa adabu zake zote, akakimbia.

Jibu alilipata, ni ndiyo. Harusi Septemba. Ila shangazi Assunta kasema hakanyagi, nusu ya ukoo imesema bila yeye nao hawaji, na mama mtu analia kwenye simu kila siku, anataka Ivo akaombe radhi tena. Ornella kakataa katakata: yeye ndiye wa kuombwa radhi, na hakuna hata mmoja aliyefikiria hilo.

Haya, niambieni ukweli. Ungekuwa wewe Ivo, katikati ya mtaa ule, ungeuachia mkono wa nani?