Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Jeom-rye na mumewe Pan-sik hula mapema. Jua likichomoza juu ya mashamba ya vitunguu, supu na wali viko mezani, na kimchi, achari kali ya figili, pembeni. Jeom-rye humtia mumewe kijiko mkononi, kwa sababu siku hizi mzee husahau kijiko ni cha nini.

"Kula, Baba Mi-ran."

"Wewe ni nani?"

"Mpishi."

"Unapika vizuri. Mume wako ana bahati."

"Mwambie yeye. Mimi hanisikii."

Ugonjwa wa usahaulifu ulimwingia Pan-sik polepole. Kwanza alisahau majina, halafu akasahau njia. Majira ya baridi yaliyopita alitoka bila kuaga. Kijiji kizima kilimtafuta, na walipomkuta kwenye shamba la mipea, midomo yake ilikuwa ya buluu. Alipona. Lakini binti yao Mi-ran, anayekaa mjini Gwangju, alipiga simu.

"Mama, akipotea tena tunampeleka makao ya wazee. Sitaki kumzika baba kwa sababu ya baridi."

Jeom-rye alijua binti yake hakosei. Alijua pia kwamba mumewe akiamka kwenye chumba kigeni, bila sauti anayoizoea, hatakula.

Ndipo akaja Bo-yeong, muuguzi wa wilaya anayewatembelea wagonjwa wa usahaulifu. Alileta kidude kidogo cha kuweka ndani ya kiatu, chini ya kisigino.

"Mama Mi-ran, mzee akitoka, simu yako itakuonyesha alipo. Polisi nao wataweza kukusaidia kumtafuta."

Aliposikia neno polisi, Jeom-rye alianza kukunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Kaka yangu alikuwa mwanafunzi enzi za utawala wa wanajeshi," alisema. "Watu wa serikali walimfuata kila mahali. Sokoni, chuoni, mpaka kwa mchumba wake. Siku moja wakamchukua. Alirudi, lakini hakucheka tena mpaka anakufa. Leo mnataka kumfuata na mume wangu?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mtu mwenye moyo hamcheki. Bo-yeong hakumcheka.

"Basi usinikubalie mimi," alisema. "Wilaya sasa hivi inatunga masharti ya vidude hivi, na inataka kusikia wananchi wanasemaje. Nitakuja ukumbini kwenu. Niulizeni mbele ya watu, na mseme yote."

Siku ya mkutano, ukumbi wa kijiji ulijaa. Sakafu ya kukalia ilikuwa imepashwa moto vizuri, na mlangoni viatu vilirundikana kama kawaida. Jeom-rye alikubali kidude kiwekwe kwenye kiatu cha mumewe kwa siku hiyo tu, ili watu waone kinavyofanya kazi.

Jirani yao Pil-sun, ambaye ulimi wake hauna likizo, ndiye aliyeanza.

"Leo mnamfuata Pan-sik. Kesho mtanifuata mimi, mjue naenda wapi."

"Kila mtu anajua unakokwenda, dada," alisema Deok-ho, mwenyekiti wa kijiji. "Unakwenda nyumba za watu saa ya kula."

Watu walicheka.

"Nyamaza wewe. Wilaya ikipiga chafya, wewe ndiye unayejifuta pua."

"Sawa, nichekeni. Lakini ni bora mtu afuatwe kuliko afe shambani kwa baridi."

"Hivyo ndivyo walivyotuambia zamani," alisema Jeom-rye kwa sauti ndogo. "Kwamba ni kwa usalama wetu."

Kicheko kiliisha. Wazee wengi pale waliikumbuka zamani hiyo.

Bo-yeong aliinua simu. "Niruhusuni niwaonyeshe. Hii nukta ndiyo mzee. Inasema yuko hapa hapa ukumbini."

Wote waligeuka kumtazama Pan-sik. Mto wake wa kukalia ulikuwa mtupu.

Walikimbilia mlangoni. Viatu vya kahawia vya Pan-sik vilikuwepo, vimepangwa vizuri. Vilivyokosekana ni buti za mpira za mwenyekiti. Mzee alikuwa amevaa vilivyokuwa karibu, akaenda zake, na kidude kikabaki kuchunga viatu.

Walimkuta ukingoni mwa mfereji wa maji ya mashamba, suruali imelowa mpaka magotini, anauliza njia ya kwenda nyumbani. Jeom-rye alimshika mkono wa koti. Machozi yalimtoka mbele za watu bila aibu.

Waliporudi ukumbini, mwenyekiti alijaribu kupoza mambo. "Ni bahati mbaya tu, jamani."

"Si bahati mbaya, mwenyekiti," alisema Bo-yeong. "Tumekosea. Hapa watu huvua viatu kila waingiapo, na mimi nimezaliwa hapa hapa, nalijua hilo. Bado sikulifikiria. Mama Mi-ran, nisamehe. Nitawaeleza wakubwa hivyo hivyo."

Jeom-rye alimtazama. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu wa serikali akisema tumekosea. Alijifuta uso, akauliza swali lake la kwanza.

"Ramani hiyo anaiona nani?"

"Wewe. Na polisi, ukiwaambia amepotea."

"Wakichungulia bila mimi kuwaambia?"

"Kwa sasa, hutajua."

"Basi hivyo ndivyo walivyomfuata kaka yangu. Nataka nijue. Kila anayeifungua, simu yangu ilie na jina lake nilione. Nikisema basi, afunge."

"Na njia alizopita zifutwe siku hiyo hiyo," alidakia Pil-sun. "Zisikae kwenye mashine zenu mpaka mjukuu wangu azeeke."

Hata Deok-ho alikuwa na swali. "Asiyetaka kidude je? Mtaacha kumtembelea?"

"Hapana. Na anayekitaka leo anaweza kukirudisha kesho."

"Hilo nalo liandikwe," alisema Deok-ho. "Maneno ya mdomo hupeperuka."

"Na kitoke kwenye kiatu," alisema Jeom-rye. "Kiwekwe kwenye mkanda wa suruali."

"Mkanda, tunashukuru, ukumbini hatuvui," alisema Pil-sun.

Majira ya kuchipua yalipofika, kipaza sauti cha kijiji kilisoma masharti mapya ya wilaya. Mengi waliyoyadai yalikuwemo. Njia za mtu zingefutwa baada ya wiki moja, si siku hiyo hiyo, na Pil-sun analalamika mpaka leo. Jeom-rye aliyasikiliza yote, akamwambia Bo-yeong, "Kilete. Wakinitazama, na mimi nitakuwa nawatazama."

Siku moja ya mvua alikuwa anamenya vitunguu saumu. Alipoinua macho, mlango ulikuwa wazi na Pan-sik hayupo. Alibonyeza simu kuwaarifu polisi kwamba amepotea. Papo hapo ililia, ikaonyesha jina la askari wa zamu aliyefungua ramani. Nukta ilikuwa kwenye shule ya msingi ya zamani, ile iliyofungwa kwa kukosa watoto.

Alimkuta amesimama langoni, amelowa chapachapa. Mkononi alishika mwavuli, haujafunguliwa.

"Baba Mi-ran, unafanya nini hapa?"

"Mi-ran hajatoka. Kunanyesha na hana mwavuli."

Simu ililia. Ni yule askari.

"Mama, umempata? Tulete gari?"

"Nimempata. Acheni gari. Fungeni ramani."

"Sawa, mama. Tunafunga."

Jina la askari likatoweka kwenye simu. Hakuna aliyekuwa anawaona tena, na Jeom-rye alijua hivyo kwa hakika. Alifungua mwavuli, akamfunika mumewe, kisha akampigia binti yake.

"Baba yako yuko langoni pa shule yenu. Amekuletea mwavuli. Hataki kuondoka."

Kule Gwangju, Mi-ran, mwanamke wa miaka hamsini mwenye watoto wakubwa, alisema, "Mpe simu, mama."

Pan-sik aliweka simu sikioni.

"Baba, mwalimu ametuchelewesha. Usinisubiri kwenye mvua. Nenda nyumbani na mama, mimi nakuja."

"Utapita njia gani?"

"Ile ile ya kila siku, baba."

Mzee aliridhika. Alishika mkono wa mkewe, wakaondoka. Kabla jua halijazama, Mi-ran alishuka kwenye basi la kijijini, akavua viatu mlangoni, akaketi karibu na baba yake. Habari za makao ya wazee hakuzitaja tena.