Aliyekaa Kiti cha Mbele

Jumatatu asubuhi, wiki tatu kabla ya mkataba wa kukodi gari kwisha, taa nyekundu ya mkanda wa abiria iliwaka, kengele ikaanza kulia, na Nermana alikuwa peke yake ndani ya gari.

Alitazama kiti cha pembeni. Hakukuwa na mkoba wala kitabu. Alikipapasa kwa kiganja, akakuta kina joto. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha, na theluji ilikuwa imeganda kwenye mapaa ya nyumba za matofali za mtaa wa Bevo, walikoishi Wabosnia wengi kama wao, hapo Saint Louis, Marekani.

"Baridi hiyo," alisema Zijad, mumewe, alipompigia simu. Zijad aliendesha lori la masafa marefu, na siku hiyo alikuwa Nebraska. "Kile kidude cha chini ya kiti kinachojua kama mtu amekaa, kimeganda. Wewe usijisumbue. Tunalirudisha kwao, wahangaike nalo wenyewe."

"Bado hatujaamua kulirudisha."

"Mke wangu, mtoto anakuja Juni. Kwenye kigari kile, kiti cha mtoto utakipachika wapi, kwenye buti?"

Nermana alicheka, akakata simu. Kengele haikukoma. Mwishowe, kwa kuchoshwa na kelele, aliuvuta mkanda wa abiria akaufunga juu ya kiti kitupu, na kengele ikanyamaza papo hapo.

Mkono wake ndio uliokumbuka kwanza. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimfungia baba yake. Mzee Hasib alikalia kiti kile mara tatu kwa wiki kwa miaka miwili, akienda na kurudi kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimekufa. Vidole havikuwa na nguvu tena za kufunga mkanda. Njiani alimumunya peremende za minti na kuwasimanga madereva wengine: "Mtazame huyu, leseni alipewa na mganga wa ng'ombe!"

Julai iliyopita Nermana alichelewa kumchukua kwa dakika arobaini. Alimkuta kwenye benchi nje ya hospitali, ameegemea ukuta, roho imekwisha kumtoka, peremende ingali mdomoni. Watu wote aliwaambia kwamba duka la miwani alikofanya kazi lilikuwa limejaa wateja. Haikuwa kweli. Alikuwa nyuma ya duka na wenzake, wakinywa kahawa na kucheka. Hilo hakumwambia hata Zijad.

Jumanne gari lilinukia minti.

Nermana aliweka mikono juu ya usukani. Kisha alifanya jambo ambalo baadaye alilijutia kuliko yote. Alisema, "Umeamkaje, Baba?" Akaufunga mkanda, akaondoka.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi alimsalimu. Alimsimulia habari za dukani, akamwambia ana mimba ya miezi mitano, akamwomba radhi kwa jambo ambalo hakuwahi kumwomba radhi mtu kwa ajili yake. Kioo cha upande wa abiria kilikuwa kikipata ukungu kidogo, mahali ambapo pumzi ya mtu ingegusa. Zijad aliporudi kutoka safari, alimkuta mkewe amekwisha kuamua.

"Tunalinunua," alisema Nermana.

"Tulikubaliana tunachukua jipya. Kubwa."

"Nimebadili mawazo."

Zijad alimtazama, kikombe cha kahawa kikiwa njiani kuelekea mdomoni. "Nermana, lile gari limekufanya nini?"

Nermana alichukua ufunguo wake, akaenda kazini.

Kampuni ya magari ilituma mkaguzi, kama ilivyo kawaida mkataba unapokaribia kwisha. Alikuja saa sita mchana, jua likiwaka juu ya theluji, kwenye maegesho ya duka la miwani. Alikuwa bwana mwembamba mwenye ubao wa kuandikia, jina lake Curtis, mtu wa mizaha. Nermana alimpa ufunguo, akarudi ndani. Haikupita robo saa, Curtis akaingia dukani akipangusa miguu.

"Dada, gari safi kabisa, mkwaruzo mmoja tu. Ila nisaidie. Mwambie mzee wako ashuke kidogo nikague kiti. Nimemwomba mara mbili, ananitazama tu."

Nermana aliiweka mezani fremu ya miwani aliyokuwa akiikaza. "Mzee gani?"

"Huyo wa mbele. Mwenye kofia."

Walitoka pamoja. Gari lilikuwa limesimama peke yake kwenye jua. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na mkanda wake ulikuwa umefungwa, umekazwa, haukulala bapa kwenye kiti bali ulitanda hewani kama uliozunguka tumbo la mtu. Curtis alitazama kiti, akatazama theluji pembeni ya mlango, ambako hapakuwa na alama ya mtu kushuka. Mizaha yote ilimtoka usoni. Alimrudishia Nermana ufunguo akiushika kwa ncha za vidole.

"Baba yangu alikuwa akivaa kofia," Nermana alinong'ona. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Dada," Curtis alisema kwa sauti ya chini, "mimi sikujui, nawe hunijui. Lakini yule aliyenitazama si baba wa mtu." Akaenda zake bila kujaza fomu.

Alhamisi jioni, jua halijazama, Nermana alisimama kwenye taa za kuongozea magari za mtaa wa Gravois, magari yamejipanga mbele na nyuma yake, redio imezimwa, ndipo ukungu ulipoanza kutanda kwenye kioo cha abiria, mzito kuliko siku zote, na ndani ya ukungu ule ncha ya kidole asichokiona ikachora polepole, herufi baada ya herufi, neno moja la Kibosnia cha kwao, lenye maana ya nunua. Machozi yalimjaa. "Nitanunua, Baba, kesho," alisema, na sauti ikamjibu, sauti ya baba yake yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa koo, lakini haikutoka kwenye kiti, ilitoka karibu zaidi, kama mtu aliyeinama sikioni, ikisema, "Nunua, mwanangu, tukae. Na mtoto akizaliwa nipe mimi. Huyo usichelewe kumleta. Siku ile ulikuwa unacheka." Ndipo mkanda wake mwenyewe Nermana, uliopita juu ya tumbo lake, ukaanza kukaza, bila haraka, kidogo, kisha kidogo tena, kama fundi cherehani anayepima kiuno cha mteja, na mtoto tumboni akaruka, na yeye akawa anavuta mkanda kwa mikono yote miwili na anapiga kelele huku taa imegeuka kijani na madereva nyuma wanampigia honi, hakuna aliyejua kinachompata.

Mkanda ulilegea wenyewe. Aliliacha gari katikati ya njia, mlango wazi, akakimbia hadi kwenye duka la mikate lililokuwa kando ya barabara. Zijad alikuja kulichukua. Aliposikia habari yote, hata ile ya kahawa na kicheko, hakumlaumu kwa neno. Alimshika mikono tu, akasema, "Twende kwa Bibi Rukija."

Bibi Rukija alikuwa mjane mzee, aliyekuwa akiwaondolea watu hofu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kama mama yake alivyofanya huko Bosnia. Jikoni kwake kulinukia vitunguu na mkate. Alimkalisha Nermana kwenye kiti, akamfunika kichwa kwa kitambaa chekundu, akayeyusha kipande cha risasi kwenye upawa juu ya jiko, huku midomo yake ikisoma Ayatul Kursiy. Kisha akaimwaga kwenye bakuli la maji aliloliinua juu ya kichwa cha Nermana. Maji yalipiga kelele kama paka aliyekanyagwa.

Kwa muda mrefu Bibi Rukija alikitazama kile kilichoganda majini.

"Alikuomba kitu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Alisema ninunue gari. Na... alimtaka mtoto."

"Basi si baba yako. Marehemu haombi kitu ila dua. Anayeomba nyumba ni yule asiye na nyumba."

"Lakini alijua siku ile nilikuwa nacheka! Hakuna aliyekuwa akijua!"

"Ukutani pa hospitali baba yako hakukaa peke yake, mwanangu. Wapo wanaokaa hapo wakingoja majonzi kama nzi wanavyongoja nyama. Ulipomfunga mkanda, ulimkaribisha. Ulipomwita baba, ulimpa jina; ulipomwomba radhi, ulimpa siri yako."

Zijad alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi, si tunalirudisha gari kwa wenyewe, kwisha habari?"

"Mlirudishe, achukue nani? Mwingine aliyefiwa?" Bibi Rukija aligeuka. "Gari ni la nani sasa hivi?"

"La kampuni," Nermana alisema.

"Basi nawe humo ni mgeni, na mgeni hamfukuzi mgeni. Mwenye mali ndiye anayesema toka. Linunue. Ukishaweka sahihi, liendeshe mwenyewe mpaka mtoni, umfungulie mlango, umwamuru ashuke. Ila ujue, toka sahihi mpaka mtoni, naye atakuwa anadai amekaribishwa kwenye mali yako. Njiani usimjibu. Ukimjibu, amekwisha kuwa wa nyumbani."

"Nimewahi kuona watu wakinunua gari lenye redio mbovu," Zijad alisema. "Lenye jini sijaona."

"Wewe utafuata nyuma na mimi," Bibi Rukija alimwambia. "Na unyamaze."

Ijumaa asubuhi theluji mpya ilianguka. Nermana aliweka sahihi yake mara tatu kwenye ofisi yenye joto, mbele ya karani aliyempongeza. Alipoingia garini, kiti cha abiria kilikuwa kimedidimia, na mkanda ulikuwa umekwisha kufungwa. Wa kwake hakuufunga.

"Umefanya vyema, mwanangu," sauti ilisema.

Aliendesha. Kwenye kioo cha nyuma aliliona pikapu la Zijad likimfuata. Sauti ilimsimulia juu ya kijiji alikozaliwa, juu ya matunda ya plamu ya bibi yake, juu ya vita na njia waliyotorokea, mambo yote sawasawa, kwa mizaha ileile ya Mzee Hasib, na Nermana aling'ata ulimi hadi ukatoa damu. Walipoikaribia njia ya kushuka mtoni sauti ilibadilika, ikawa ya mzee anayekosa pumzi. "Unanipeleka wapi? Nermana? Nijibu basi, mwanangu, neno moja. Nilikungoja pale benchini. Niliangalia kila gari lililopita nikasema ndiye huyu, ndiye huyu. Neno moja tu." Machozi yalimtiririka mpaka shingoni, barabara ikawa inamchezea machoni, minti ikamziba pua, naye alikanyaga mafuta, hakujibu, akaenda, mpaka akayaona maji ya Mississippi, ya kahawia, yakipita chini ya ukingo mweupe ambao hakuna mtu aliyekuwa ameukanyaga asubuhi ile.

Alizima gari, akatoka, akazunguka. Alifungua mlango wa abiria. Akainama, akapitisha mkono juu ya kiti kitupu, na mkono wake ukapita kwenye kitu chenye joto, akabonyeza kitufe, mkanda ukaachia.

"Kuna baridi nje," sauti ilisema taratibu. "Mimi ni mzee. Uliniacha mara moja. Leo unanitupa?"

Nermana alishika mlango. "Gari hili ni langu," alisema. "Sikulinunua kwa ajili yako. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, toka."

Hapakuwa na kishindo. Gari lilinyanyuka kidogo upande ule, kama linyanyukavyo mtu mzima anaposhuka. Kiti kilirudi taratibu umbo lake. Na kwenye theluji, mbele ya macho yake, ukachapwa unyayo wa kiatu. Kisha wa pili. Hatua fupi za kuburuta, za mzee mgonjwa, zikielekea mtoni.

"Baba!" Nermana alitaka kuita, lakini Bibi Rukija, aliyekuwa amefika nyuma yake, alimziba mdomo kwa kiganja.

"Tazama tu. Usiite. Tazama."

Wa tatu. Wa nne. Nermana alipiga magoti, akilini akimwona baba yake akitembea peke yake kwenye baridi, amefukuzwa na mwanawe. Unyayo wa tano ulikuwa mrefu kuliko zile za kwanza. Wa sita haukuwa wa kiatu. Wa saba ulianguka mbali, mbali kuliko mtu yeyote awezavyo kuruka, na haukuwa na kisigino wala vidole. Wa mwisho, kwenye ukingo wa maji, ulikuwa mpana kama sinia, umezama mpaka kwenye tope jeusi, na theluji pembeni yake ilikuwa ikiyeyuka. Kisha hakukuwa na kitu, mto tu ukipita.

Zijad alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, mdomo wazi.

"Siye," Nermana alisema. Aliitazama tena ile alama ya tope. "Siye, Zijad. Hakuwa yeye." Akaanza kulia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu Julai, cha sauti, mikono ikilishika tumbo, na humo ndani mtoto alikuwa akicheza kama kawaida.

Bibi Rukija alimngoja amalize. Kisha akamwinua, akamkung'uta theluji magotini.

"Haya. Sasa mwombee yule wa kweli."

Walisimama watatu kwenye baridi, viganja juu. Nermana aliomba kwa sauti, akimtaja baba yake kwa jina lake kamili, na kwa mara ya kwanza alitanguliza neno marehemu.