Siku Waliyogawana Mto

Walijuana kwa sauti kwanza, sura baadaye. Mwanamke alikuwa mpokea simu za dharura, kazi yake kuyaelekeza magari ya wagonjwa. Mwanamume aliendesha gari namba nne, na wenzake walimwita Redio kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Miezi minane walipiga soga hewani bila kuonana. Kisha mchana mmoja, kwenye foleni ya kantini ya hospitali, watu wakisukumana na sinia zao, mwanamke akamsikia mtu mbele yake akiagiza chai, akaitambua sauti. Akamgusa bega. "Gari namba nne?" Mtu akageuka, shati lina doa la dawa kifuani, akacheka hadi mhudumu akamkemea kwa kuichelewesha foleni.

Mwaka ukapita. Zamu zao hazikupatana. Walionana saa moja leo, nusu saa keshokutwa, mengine yote wakayamalizia kwenye simu. Hata ndoa Redio aliiomba kwa simu. Mwanamke akasema atajibu mwisho wa likizo: siku sita za kutembea kwa miguu, mabegi mgongoni, wakiufuata mto.

Hii ilikuwa siku ya nne, na Redio alikuwa ametulia kama maji mtungini. Hakununa. Alitembea tu, kofia nyekundu imemkaa upande, akitazama miti na kutabasamu peke yake. Mwanamke, skafu yake ya njano imelowa jasho, alijaribu kila mlango. Akamuuliza kama amechoka, kama kuna lililomuudhi, kama anawaza kazi. Kila mara aliambiwa hapana, mpenzi, na mpenzi hakuongeza neno. Akaanza kujiuliza, na swali lilimwasha kuliko malengelenge ya kisigino: je, nimeipenda sauti nikafikiri nimempenda mtu?

Walipofika penye kivuko cha mawe, kibao kilionyesha njia mbili, moja kila ukingo, zote zikienda kwenye daraja kilomita tisa mbele.

"Wewe pita ng'ambo," akasema mwanamke. "Mimi nabaki huku. Tukutane darajani."

Alitaka abishiwe. Lakini kosa lake, aliyasema hayo kwa sauti ya kazini, na dereva huyu alikuwa ameitii sauti hiyo karibu miaka miwili bila kuuliza. "Nimepokea," akasema Redio. Akavua viatu, akavuka.

Basi wakatembea hivyo, mto katikati, kama watu waliogombania shamba. Mwanamke alivumilia nusu saa. Kisha akapiga simu.

"Kituo wangu!" Ndivyo Redio alivyozoea kumwita hewani. Sauti ikamjia ileile, changamfu, yenye vicheko ndani. Redio akamhadithia ndege aliyemwona, mbuzi aliyemzibia njia, na ile skafu ya njano inavyopendeza kutokea mbali. Huko ng'ambo mkono wake ulirushwa huku na huku. Mwanamke akacheka mpaka akasimama. Halafu akakasirika.

"Siku tatu ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa karibu yako."

"Mwili ulikuwepo. Huyu ninayeongea naye sasa hakuwepo. Niambie ukweli, nikiwa kando yako nakuchosha?"

Mkono wa ng'ambo ukashuka. Kofia nyekundu ikasimama kabisa.

"Unajua kwa nini naongea sana?" akasema Redio. "Nyuma ya kiti changu daima kuna mtu anayeweza kufa kabla sijafika. Nikinyamaza namsikia anavyopumua. Kwa hiyo naongea. Naongea kwa sababu naogopa, mpenzi, na ile simu yako ndiyo iliyonishika nisitetemeke. Hata sasa, umenifukuza ng'ambo, nimeogopa, ndiyo maana unanisikia hivi."

"Na ukiwa kando yangu?"

"Siogopi kitu. Kwa hiyo mdomo unapumzika. Nilidhani unajua."

Hakujua. Angejuaje? Miezi yote hiyo alikuwa akiisifu hofu ya mtu, akiiita uchangamfu. Aliona haya, na aliona huruma, na chini ya vyote viwili aliona udadisi mpya: basi huyu anayenyamaza ni nani? Akakata simu bila kuaga, akaongeza mwendo japo kisigino kilimuuma.

Alimkuta darajani, amekwisha kufika. Redio hakusema kitu. Alimkalisha kwenye ukuta wa daraja, akamvua kiatu, akaosha kidonda, akabandika plasta taratibu, mikono imetulia. Mto ulipita chini yao. Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu utosini, mahali ambapo simu haijawahi kumwonyesha, akaona nywele chache za mvi, akatamani kuzihesabu.

"Yule wa kwenye simu nitamkosa," akasema.

"Jumatatu yupo zamu."

"Basi yeye nitafanya naye kazi," akasema. "Wewe, nitaolewa nawe."