Safu ya Mvua

Belise alitembeza wembe polepole juu ya bamba la shaba la antena mpya, akikata ufa wenye umbo la U. Shangazi yake Drocella, fundi redio wa Gisenyi, alimshikia rula.

Antena ya kwanza, bapa kama daftari, waliifunga mwezi uliopita kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba ya Juvénal, mchukuzi wa mizigo kwenye mpaka wa Petite Barrière. Humo hutuama mazuku, hewa nzito inayoua. Kifaa cha kupima hewa kikiigundua, antena hupeleka habari, na kengele hulia nyumbani. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, na kengele haikulia. Mbuzi wawili walikufa. Tuyishime, binti wa Juvénal aliyewafuata, alilazwa hospitalini, hajafumbua macho.

Juvénal aliingia amelowa, ameibeba antena ile.

"Mama Drocella, mi sikuje kugombana. Kengele iko muzima?"

"Nzima. Nimeijaribu mara tatu."

"Bon. Sasa ilinyamaza juu ya nini?"

Drocella alifungua daftari la vipimo vya antena ile, alivyoandika Belise. Safu ya "kavu" ilikuwa na namba za kupanda na kushuka. Safu ya "mvua" ilikuwa nadhifu mno.

"Belise, hizi zimesimama mstari kama kwaya. Ulimwaga maji juu ya antena lini?"

Belise aliweka wembe chini. "Sikumwaga, Shangazi. Nilitaka kwenda kucheza. Nikajaza namba za kubuni tu."

Juvénal alikaa juu ya ndoo. "We ni mutoto," alimwambia Belise. "Lakini na wangu ni mutoto."

Drocella alimwagia antena ya zamani kikombe cha maji. Kwenye kipimo, mstari uliporomoka.

"Shaba ikilowa, masafa yake ya redio hushuka. Hii hushika masafa membamba; yakisogea kidogo, kengele haisikii. Ufa huu wa antena mpya utayapanua, ishike kavu na mvua."

Simu ya Juvénal ililia. Alisikiliza, akafunika uso. "Amefumbua macho. Anauliza mbuzi wake."

Ufa ulipokamilika, antena mpya ilipita vipimo vyote kumi vya kavu. Vya mvua walipata vitatu, vyote vizuri, saa ya kuona wagonjwa ikafika.

"Na saba vilivyobaki?" Belise aliuliza.

"Kesho. Sasa twende hospitalini, ukamwambie mama yake Tuyishime ukweli wewe mwenyewe." Drocella alivaa koti. "Kukosea, hata mimi hukosea. Lakini nafasi tupu ingenizuia kuifunga antena ile. Namba yako ya uongo iliniambia nikalale."

Belise aliandika namba tatu. Zile nafasi saba aliziacha tupu.